Pembea ya Duara, Siku ya Tatu ya Idi

“Pamejaa, Bi. Rudi nyuma.”

“Nataka kumuona mtu mmoja tu, bwana askari. Nikimuona natoka.”

“Kila aliye hapa anataka kumuona mtu mmoja. Ndani wako mia tatu. Akitoka mmoja, anaingia mmoja. Ndiyo amri niliyopewa.”

Askari huyo aliitwa Rufus, mtu wa bara, hajamaliza hata mwaka Lamu. Jasho lilikuwa limemlowesha shati mpaka kiunoni. Siku ya kwanza ya Idi watu walisukumana hadi ua wa makuti ukaanguka na mzee mmoja akavunjika mkono. Tangu hapo ikatolewa amri: vibati mia tatu vya bati, kila anayeingia apewe kimoja. Vibati vikiisha, mlango unafungwa.

Na vilikuwa vimeisha tangu adhuhuri.

Khairiya aliegemea ua. Kwa ndani alisikia ngoma, vicheko, na mlio wa chuma kikisuguana na chuma. Juu ya makuti aliiona pembea yenyewe, duara kubwa lenye visanduku vinane vya rangi, ikipanda na kushuka polepole. Haijawahi kuletwa Lamu pembea kama ile. Watu walikuwa wametoka Faza na Mbwajumali kuja kuiona.

Yeye hakuja kuona pembea. Alikuja kumuona aliyekuwa akiizungusha.

“Nimemuona yana kwa mato yangu,” Bi Swafiya, nduguye mama, alikuwa amemwambia asubuhi ile. “Jamaludin wako. Ameshika mpini wa chuma, azungusha. Kanenepa.”

“Alikuona?”

“Aliniona. Akageuka akatazama kando.”

“Labda hakukujua.”

“Khairiya, mimi ndiye niliyemlisha siku saba za harusi yake.”

Jamaludin aliondoka Lamu mwaka sitini na moja kwenda Mombasa kutafuta kazi. Ndoa ilikuwa na miezi minne. Alisema atakaa miezi sita. Sasa ni Januari ya sitini na saba, na kila mwaka, karibu na Ramadhani, Khairiya alipokea kanga moja na barua ya mistari ile ile:

*Kwa mke wangu Khairiya. Mimi mzima. Kazi ni nyingi, nikipata nafasi nitakuja. Pokea kanga hii. Wako, Jamaludin.*

Mara mbili alikwenda kwa kadhi. Mara mbili alijibiwa, “Mume yuko, Bi. Anaandika. Subiri.”

Basi akasubiri. Si mke, si mjane, si mtalaka. Akialikwa harusini, hakujua akae na kina nani. Usiku alilala upande mmoja wa kitanda, upande wa pili akauacha, akiona haya kuutumia kana kwamba ni mali ya mtu.

“Bwana askari, pembea inaondoka lini?”

“Leo. Magharibi wanaing'oa, maji yakijaa wanapakia.”

“Basi niitie anayeizungusha. Mwambie kuna mtu mlangoni.”

“Hawezi kuachia ule mpini, Bi. Akiachia, watu watabaki wananing'inia juu.” Rufus alimtazama, sauti ikalegea. “Hata mimi tangu asubuhi niko hapa na sijaingia kuiona. Ngoja. Akitoka mtu, wewe utakuwa wa kwanza. Nakuahidi.”

Akangoja. Hakuna aliyetaka kutoka. Nani aache pembea wakati leo ndiyo siku ya mwisho? Adhana ya alasiri ikasomwa. Wanaume wachache wakaondoka kwenda kuswali, lakini kila mmoja alimrushia kibati nduguye aliyekuwa akimsubiri nje, na Rufus akapiga kelele bila wa kumsaidia.

Ndipo alipotoka mwanamke mmoja amebeba mtoto begani. Alijifunga leso mbili. Uso wake haukuwa wa watu wa pale. Mtoto, msichana wa miaka miwili hivi, alikuwa akilia kwa sauti iliyochoka.

“Kibati, mama,” akasema Rufus.

“Nampa huyu dada. Nimemuona tangu mchana, amesimama hapo hapo.” Akamtia Khairiya kibati mkononi. “Chukua. Mimi nimeshapanda mpaka kichwa kinazunguka. Mume wangu ndiye anayeizungusha.”

Khairiya akakifumba kibati kiganjani.

“Mumeo?”

“Ndiyo. Naitwa Kwamboka. Kwetu ni Kisii, lakini tunakaa Mombasa. Mtoto ana homa, na hapa sijui nimpeleke wapi. Tumelala hemani siku nne.”

“Hemani? Mumeo si mtu wa hapa?”

“Ni wa hapa, lakini anasema hana tena mtu. Alikuwa na mke, akafariki kwa uzazi, yeye na mtoto wake. Ndiyo maana hataki hata kuingia mjini. Anasema kila ndia ya huku inamkumbusha.” Hiyo “ndia”, yaani njia, aliitamka kama alivyoisikia kwa mumewe. Mtoto akalia zaidi, naye akampigapiga mgongoni. “Nyamaza, Khairiya. Nyamaza, mama.”

Khairiya mtu mzima akashika ua.

“Umemwitaje?”

“Khairiya. Ndilo jina la marehemu. Baba yake ndiye aliyelitaka.”

Mtoto kweli alikuwepo. Alizaliwa mwezi wa saba baada ya Jamaludin kuondoka, wala hakulia. Khairiya alimwandikia mumewe barua ya kurasa tatu, akimwomba aje walau alione kaburi. Iliyokuja ni kanga. Kumbe barua aliisoma. Aliisoma, akamzika mtoto na mama yake pamoja.

“Dada, unaumwa?”

“La. Jua tu.” Akaweka kiganja kwenye paji la mtoto. Lilikuwa moto. “Nyumba yangu ni ya pili nyuma ya msikiti ule, yenye mlango wa kijani. Muulize Bi Swafiya. Mwambie umetumwa na uliyempa kibati. Atampa mtoto dawa, na mahali pa kulala.”

“Mungu akubariki. Nimwambie jina lako nani?”

“Nenda kwanza. Mtoto anaungua.”

Akaingia.

Ndani watu walibanana bega kwa bega. Alijipenyeza mpaka kwenye pembea. Jamaludin alikuwa amempa mgongo, mikono yote miwili kwenye mpini, akizungusha. Shingo ile ile.

“Jamali.”

Hakugeuka, lakini mpini ulikwama, na kisanduku kilichokuwa kikishuka kikasimama mbele ya Khairiya, kitupu.

“Haya, haya! Mwenye kupanda apande, asiyepanda aondoke!” akapaza sauti tajiri wa pembea. “Watu wanangoja!”

Khairiya hakuwahi kupanda kitu kilichopita urefu wa ngazi. Akakaa ndani ya kisanduku.

“Zungusha,” akamwambia mumewe.

Akapanda. Makuti yakabaki chini, kisha vichwa vya watu, kisha minazi. Aliuona mji wote, na ng'ambo ufuko wa Ras Kitau mweupe hauna mtu. Aliiona nyumba yake. Kutoka juu, ule uwanda, ua wa ndani usio na paa, alimokaa miaka sita ulikuwa shimo dogo jeusi kati ya mapaa.

Akashuka.

“Nimekutana na mkeo mlangoni.”

Jamaludin alikuwa amebadilika rangi. “Khairiya, si hapa. Nakuomba.”

Akapanda tena. Akashuka.

“Ameniambia nimekufa.”

“Nilikuwa nimechanganyikiwa. Barua yako ya mtoto ilinivunja. Sikujua nikutazame vipi.”

“Ukaona bora usinitazame kabisa.”

Akapanda. Katika kisanduku cha nyuma yake, Mwalimu Wazir, aliyefundisha hesabu shule ya wavulana, alikuwa ameacha kutazama mandhari. Watu wa chini nao walianza kunyamaza mmoja mmoja.

Alipofika chini, Jamaludin alikuwa ameinamisha uso.

“Si haramu mtu kuoa wa pili,” alisema kwa sauti ya chini.

“Ungeniandikia hivyo, ningelia siku tatu, nikanyamaza. Wewe umeoa kwa kifo changu, kisha kila mwaka ukamletea maiti kanga.”

Kuna mwanamke aliyesema “Yallah!” kwa nguvu. Pembea ikapanda, na huko juu Khairiya akalia, kwa sababu huko hakuna aliyemuona. Alipanguza uso kwa buibui kabla hajafika chini.

Safari hii Jamaludin aliusimamisha mpini. Visanduku vikayumba.

“Nitashuka yeo,” akasema haraka haraka. “Wakiondoka, mimi nabaki. Ninarudi nyumbani kwako, Khairiya. Wallahi.”

Alichokichukia zaidi, baadaye alimwambia Bi Swafiya, ni kwamba moyo wake uliruka. Miaka sita aliyangoja maneno hayo, nao moyo ukaruka kama mbwa aliyeitwa.

“Na Kwamboka?”

“Nitamweleza.”

“Utamweleza nini? Au utakwenda kumwambia mwengine kuwa yeye naye amekufa?”

Jamaludin aliutazama mpini.

“Zungusha, wee!” tajiri akapiga kelele.

“Hazunguki mtu hapa mpaka anijibu,” Khairiya akasema, wala hakupaza sauti. “Jamaludin bin Amini, sitaki kurudiwa, sitaki kanga. Niache. Mbele ya hawa. Na uniache kwa talaka isiyo na marejeo, ili kadhi asiniambie tena mume yuko.”

“Khairiya, ungefikiri kwanza.”

“Nimefikiri tangu mwaka sitini na moja.”

Mwalimu Wazir akajikohoza kutoka kwenye kisanduku chake, hatua chache kutoka ardhini. “Bwana Jamaludin, mimi nasikia vizuri. Sema, nami nitakwenda na Bi Khairiya kwa kadhi kesho asubuhi.”

Jamaludin akasema. Alisema maneno yote, jina lake na la babake, mikono ingali kwenye mpini, macho yake kwenye mchanga. Sauti ilimkatika mara moja, akarudia.

“Shukran,” akasema Khairiya, akashuka.

Mlangoni Rufus akachukua kibati.

“Ulimpata uliyemtaka, Bi?”

“Nilimpata.”

Nyumbani alimkuta Kwamboka amekaa juu ya mkeka, mtoto amelala mapajani kwa Bi Swafiya, kitambaa cha maji kwenye paji. Kwamboka aliinua macho. Habari ilikuwa imemtangulia Khairiya, kama habari zote za Lamu.

“Ni wewe,” akasema.

“Ni mimi.”

“Mungu wangu, dada, mimi nilikuombea dua. Kila Ijumaa. Nilikuombea pepo.”

Khairiya akakaa kando yake. Akakigeuza kitambaa kwenye paji la mtoto.

“Ningejua, nisinge...” Kwamboka akaanza.

“Nayajua hayo.”

Magharibi vishindo vya nyundo vikasikika kutoka kiwanjani, pembea ikifunguliwa vipande. Usiku, maji yalipojaa, mtu akaja kugonga mlango. Alikuwa Jamaludin.

“Kwamboka! Twende, chombo kinaondoka!”

Kwamboka aliutazama mlango, akamtazama mtoto.

“Nenda,” akasema kwa sauti ya kutosha kusikika nje. “Nitasafiri mtoto akipona. Kwenda kwetu.”

Aligonga mara nyingine tatu. Kisha hakugonga tena.

Kwamboka alikaa siku sita. Walipika pamoja, wakamkanda mtoto kwa zamu, na usiku walilala watatu kitanda kimoja, kilichojaa mpaka ukingoni. Siku ya saba Khairiya aliwasindikiza mpaka gatini. Mtoto alimng'ang'ania shingoni, ikabidi mikono ibanduliwe kidole kimoja kimoja.

“Utakaa na nani sasa, dada?” Kwamboka akauliza.

“Na Bi Swafiya anapokuja.”

“Na asipokuja?”

Khairiya alimrekebishia mtoto leso. “Niandikie mkifika,” akasema.

Aliporudi, nyumba ilikuwa kimya kuliko ilivyokuwa kabla ya Idi. Alikaa uwandani mpaka adhana. Kumngoja mtu kulikuwa kumempa shughuli miaka yote ile. Sasa hakuwa na wa kumngoja. Alimaliza eda mwezi wa nne. Barua ya Kwamboka ilifika, imeandikwa na mtu mwingine, inasema wamefika salama na mtoto anauliza kuhusu yeye.

Mwezi wa tano Bi Swafiya akaja na kikombe cha kahawa mkononi na jambo mdomoni.

“Kuna mtu akuulizia. Jeilani, wa Mbwajumali. Mkewe alikufa mwaka juzi. Kweli alikufa, nimeuliza watu watatu.”

Khairiya akacheka, na kicheko kikamshangaza mwenyewe.

“Mwambie aje aseme mwenyewe. Asitume mtu wala barua.”

Ijumaa ile Jeilani akaja. Aliketi barazani, mtu mkubwa mwenye haya, kofia mkononi. Khairiya alisimama nyuma ya mlango ulioachwa wazi kidogo.

“Nina swali moja, Bwana Jeilani. Ukisafiri, warudi baada ya muda gani?”

Jeilani akaizungusha kofia mikononi. Kisha yule mtu akasema, kana kwamba anaungama kosa, “Mimi sisafiri, Bi. Nina ng'ombe wanane. Hata kuja hapa yeo nimewaacha kwa jirani, na roho yangu haijatulia.”

Khairiya hakumpa jibu. Alimwambia arudi Ijumaa nyingine, akasikiliza viatu vyake vikishuka ngazi za baraza, vikienda kwenye ndia nyembamba, vikisimama kidogo penye kona, kisha vikiendelea. Alipokwisha kuvisikia kabisa, aliingia chumbani, akaiondoa shuka ya upande wa pili wa kitanda, ule aliomwachia Jamaludin miaka sita, akaifua.