Vitanda vya Mama Cheche

Asubuhi hiyo karakana ilikuwa kazini kama kawaida. Shemeji yake Mama Cheche alikuwa anakata mabomba ya chuma. Mpiga rangi alikuwa anakoroga rangi ya bluu. Mama Cheche, mwenye karakana, alikuwa ameinama akichomelea kitanda cha ghorofa, kama vile vya mabweni ambavyo mmoja hulala chini na mwenzake juu. Walimwita Mama Cheche kwa cheche za kazi yake, na kwa cheche za mdomo wake pia.

Simu ikalia. Alikuwa matroni wa shule ya bweni. Kitanda kimoja walichonunua kwake kilikuwa kimeachia kwenye kona. Msichana wa juu alimwangukia wa chini, na wa chini alivunjika mkono.

Damu ikamchemka Mama Cheche. Aliwageukia wenzake, akawapasha. Nani alikata bomba vibaya? Nani alipiga soga badala ya kukagua? Shemeji akatazama chini. Mpiga rangi akarudi kukoroga rangi yake.

Dada yake mkubwa alikuwa amepita kumsalimia. Alikuwa msimamizi katika kiwanda cha sabuni, na hakuna kitabu cha biashara kilichompita. Alisikiliza matusi mpaka uvumilivu ukamwisha.

"Mdogo wangu, nyamaza," alisema. "Mtoto wa watu amevunjika mkono, wewe unatafuta wa kumlaumu. Unauliza nani. Uliza kwa nini."

Mama Cheche alitamani kumfukuza. Mbele ya watu wake! Lakini dada hakujali. Alimweleza kwamba anayetaka kuboresha bidhaa lazima aende akaione inavyotumika, maana karakanani kila kitanda ni kizuri. "Na ukiogopwa," aliongeza, "utakuwa wa mwisho kuambiwa ukweli."

Walikwenda bwenini wote wanne. Mama Cheche alimwomba msichana mmoja apande kitandani kama anavyopanda kila siku. Msichana akakanyaga bomba la ubavuni, karibu kabisa na kona, akajivuta juu. Kona ikalia.

Kwa nini alikanyaga pale? Kwa sababu hapakuwa na ngazi. Kwa nini hapakuwa na ngazi? Hapo Mama Cheche akakumbuka. Mwenyewe ndiye aliyeiondoa, ili kazi iishe haraka.

"Siku ile nilikuambia ngazi inahitajika, shemeji," mkata mabomba alisema polepole. "Ukanijibu nikate mabomba, akili nikuachie wewe."

Hasira zilimpanda. Safari hii hakuwa na wa kumrushia. Alikumbuka maneno yale, alikumbuka hata alivyocheka baada ya kuyasema.

Kutoka hapo alikwenda hospitali. Aliwaambia wazazi wa msichana kwamba kosa ni lake, na kwamba matibabu ni juu yake. Baba wa mtoto alimfokea kweli kweli. Alisimama akasikiliza mpaka mwisho.

Vitanda vyote vilirudishwa karakanani. Kila kimoja kiliwekwa ngazi, na kila kona ikatiwa kipande cha chuma cha kuikaza. Kisha Mama Cheche akaweka utaratibu mpya. Kabla ya rangi, wawili wanapanda juu na kuruka. Na yeyote mwenye shaka anaweza kusimamisha kazi, hata kama ni kazi ya mwenye karakana.

Matroni aliviona vitanda vilivyotengenezwa upya, akaagiza vya bweni la pili. Siku ya kuvipeleka, gari likiwa limeshawashwa, mpiga rangi alisimama mbele ya kitanda kimoja kilichokuwa kimepakiwa.

"Hiki hakitoki," alisema. "Ngazi inacheza. Ni wewe uliyeichomelea, mama."

Mama Cheche alikunja uso. Dereva akapiga honi. Mpiga rangi hakusogea.

"Kishusheni," Mama Cheche alisema kwa hasira, akachukua miwani yake ya kuchomelea. "Na wewe njoo unionyeshe inapocheza."