Viatu Nje ya Mlango wa Madame Delphine

Kriii! Kriii! Mlio ulizuka kusikojulikana, na ukumbi mzima wa posta ukalala chini.

Hiyo ilikuwa Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1962, Katanga iliyojitenga na Kongo ikiwa na bendera yake, askari wa Umoja wa Mataifa, ONU, wakiwa mjini, na kila mtu akilala na jicho moja wazi. Mama mmoja alimfunika mwanawe kwa mwili wake. Karani akatoweka nyuma ya dirisha. Kijana mmoja tu alibaki wima kwenye foleni, suti ya kijivu, tai nyekundu, akipapasa ndani ya mfuko wa karatasi. Akatoa saa ya kengele, akaibana mpaka ikanyamaza.

“Pardon,” alisema. “Natoka kuitengenezesha.”

Msichana aliyelala karibu na miguu yake aliinuka, akakung’uta kikwembe chake cha manjano chenye maua meusi.

“Papa, kitu kama hii unabeba mu posta? Karibu nikufe!”

“Haukufa, mamzele. Uko muzuri sana kwa kuwa maiti.”

Alitaka kumtukana. Akacheka.

Msichana aliitwa Adolphine, muuzaji wa duka la dawa. Kijana ni Rigobert, karani wa reli, Muluba wa Kasai aliyezaliwa mjini humu humu, ingawa Katanga iliwaona Baluba wa Kasai kama maadui. Haikupita wiki, simu ya duka ikawa inalia kila siku saa sita.

“Allo, pharmacie.”

“Nataka dawa ya moyo.”

“Moyo ya ng’ombe ao ya muntu?”

“Ya muntu moja anakosa usingizi.”

“Kunywa maji, sheri. Patron anasikia.”

Mwezi wa nne wa simu hizo Rigobert alimwomba wafunge ndoa, na ikapangwa wajomba wa Rigobert waje Jumapili kuposa kwa Casimir, kaka mkubwa wa Adolphine. Mambo yalikuwa matamu, ila Jumamosi saa tisa. Saa hiyo Rigobert hakupatikana kamwe.

“Niko na kazi,” alisema, mikono mifukoni.

“Reli inafunga saa sita.”

“Kazi ingine.”

Casimir alikuwa gendarme, askari wa Katanga, akilinda kizuizi cha barabara ya Katuba. Hakumpenda Rigobert, na hakuficha.

“Muluba wa Kasai anajificha kila Jumamosi,” alimwambia dada yake. “Ni mwanamuke, ao ni ONU, banamutuma apeleleze. Uniambie tu nyumba yenye anaingia. Ile ingine niachie mimi.”

Jumamosi, siku moja kabla ya wajomba kufika, Adolphine alimfuata mchumba wake chini ya mijakaranda, hadi nyumba ya mzungu yenye baraza pana. Alisubiri mpaka mlango ukafungwa, akasogea. Barazani palikuwa na viatu vya Rigobert, vile vya kahawia, kamba zimekunjwa ndani vizuri. Kando yake, vya kike, vyeupe, vya kisigino.

Katika mji huu nani anavua viatu mlangoni kwa mzungu? Mwanamume huvua viatu karibu na kitanda! Adolphine alitega sikio dirishani. Hakuna maneno, hakuna muziki. Kama wangecheka, angevumilia. Kimya kile kilimchoma.

Alivibeba viatu vya Rigobert kwapani, akaondoka.

Baada ya saa moja Rigobert aliingia uani kwa kina Adolphine, Katuba, tai shingoni, miguu mitupu, kidole kimoja kikitoka damu. Adolphine alikuwa anakoroga bukari, ugali wa huko, juu ya mbabula, makaa yakiwaka mekundu.

“Viatu vyangu. Banasema mwanamuke wa kikwembe ya manjano alivibeba.”

“Enda umuulize muzungu wako! Mulikuwa munafanya nini?”

“Tulikuwa tunaikala ku kiti.”

“Munaikala! Bantu babili, mulango wa kufunga, bila viatu, munaikala tu!”

“Tunahesabu pumzi.”

Adolphine alicheka kicheko cha mtu anayekaribia kupiga kwa mwiko.

Rigobert akaeleza, haraka haraka. Mwenye nyumba, Madame Delphine, alikuwa mjane wa daktari. Yeye na mumewe waliishi Ceylon, kisiwa karibu na India, miaka minane, na huko wafuasi wa Buddha walimfundisha kuketi kimya na kuifuata pumzi yake. Alipokuja huku Katanga alipunguza mengi: sanamu hakuna, ubani hakuna, sala za lugha ya kigeni hakuna. Kiti cha jikoni kinatosha, na saa ya kengele badala ya kengele ya hekalu.

“Anasema bantu ba leo biko na kazi, na batoto, na nyungu ku moto. Dakika makumi mbili, basi. Kitu moja tu alikatala kuacha: viatu vinabakia inje.”

“Na wewe, mukatoliki?”

“Kesho asubuhi niko ku misa, sawa kila siku ya Mungu.”

“Sasa unatafuta nini kule?”

Rigobert alitoa mikono mifukoni. Ilitetemeka kama kifuniko cha sufuria inayochemka.

“Tangu kambi ya wakimbizi ya ONU, wakati Baluba tulifukuzwa mu manyumba,” alisema. “Mudogo wangu Laurent alinifia mu hii mikono. Shefu akiiona, nafukuzwa. Na wewe ningekuambia nini? Olewa na muntu anatetemeka?”

“Onyesha.”

Aliketi kwenye kigoda kando ya moto, akafumba mdomo. Moja hadi kumi, kisha moja tena. Adolphine alimtazama kama anavyotazamwa mwizi. Mzunguko wa nne, mkono wa kushoto ulitulia. Wa kulia ukaendelea.

“Iko moja bado,” alisema Adolphine.

“Iko moja bado,” alikiri Rigobert.

Mwongo angeituliza yote miwili. Adolphine aligeuza uso, akakoroga bukari kwa nguvu.

Hapo hapo Casimir aliingia, bunduki begani.

“Eh, yuko hapa! Adolphine, nyumba iko wapi? Uliona nini?”

Neno moja lingetosha Rigobert akamatwe. Rigobert alijua, akainuka kigodani. Adolphine aliweka mwiko chini, akasimama kati yao.

“Yaya, nilienda, na sikuona kitu ya kukupatia. Simuamini yote bado. Jumamosi ijayo nitaikala nabo mimi mwenyewe, kiti yangu katikati yabo. Akinidanganya, nitakuambia ile nyumba na hii kinywa yangu, naapa ku kaburi ya mama. Lakini kesho bajomba bake bakikuya, utabapatia viti, utabapatia maji, na bakiniuliza kama nakubali, mbele yako nitaitika.”