Kamba Ndani ya Bomba

Waya ulikuwa umekwenda. Bomba la plastiki lilibaki limechomoza sakafuni kama fundi alivyoliacha, mdomo wazi, tupu.

Inspekta Efrazia Shekiondo alisimama, akachuchumaa, akasimama tena. Tangu asubuhi hakuwa amekaa. Ukungu ulikuwa umeilalia Lushoto nzima, na manyunyu yalimwingia hadi kwenye kola.

"Afande, tumerudi kutazama tundu?" aliuliza Konstebo Silvano, akipuliza vidole vyake.

Tundu lile lilikuwa linamkera kama punje ya mchanga kwenye kiatu.

Mwenye nyumba, Sharifu, alikuwa mtu wa mboga; kabichi na karoti zake zilishuka Dar es Salaam kila wiki. Tangu serikali iseme biashara ni ruksa, alikuwa ameongeza vyumba vya wageni. Kisha, kwa mzungu wa mradi aliyekuwa akifunga virago kule Tanga, alinunua beseni kubwa la kuogea, la maji yanayopashwa moto kwa umeme, la kukaa watu wanne wakitazama milima. Beseni lilikuwa halijafika, lakini njia yake ya umeme ilishatangulia. Kabla saruji haijamwagwa, fundi Tobia alilaza bomba kutoka kwenye meinswichi hadi barazani, akapitisha kebo nene ya shaba, isiyoungwa bado, ili siku beseni likija pasibomolewe kitu.

Na sasa kebo haipo.

"Mwizi mnaye," Sharifu alisema. "Ufunguo wa geti alikuwa nao yeye peke yake. Jumatatu nataka nimwone mahakamani."

Huyo mwizi alikuwa Hassani, mlinzi wa usiku, baba wa watoto wanne, aliyekuwa mahabusu tangu Jumamosi. Alikuwa amerudia neno moja tu: alikuwa amelala. Mkuu wa kituo naye alikwisha sema jalada lifungwe, kesi ya ufunguo haina ugumu. Wizi wa namna ile ulikuwa na miaka yake ya jela, na kila mtu pale alijua.

Kule nyuma ya nyumba, mama yake Sharifu, Bi Mwanamisi, alikuwa akipika uji kwenye jiko la mkaa, amejifunika khanga mbili, mvua ikimdondokea mabegani. Hatua chache tu kutoka alipoinama palikuwa na jiko lake la kuni, lina paa, mlango umefungwa.

Efrazia alilitazama lile jiko. Paa la mabanzi halikuwa likitoa moshi hata kidogo. Naye alikuwa mtoto wa Rangwi, milima hiyo hiyo; hakuwahi kumwona bibi wa milimani akikimbia moto wake katika baridi ya mwezi wa saba.

"Uji ule ni wa nani?" aliuliza kwa sauti ya chini.

Silvano alicheka. Alisema ni wa mahabusu wao. Kila asubuhi bibi yule huuleta kituoni mwenyewe, kwenye bakuli lenye mfuniko, hata maharage jioni. Mahabusu ananenepa kuliko askari.

"Mama wa mlalamikaji anamlisha mtuhumiwa?"

Silvano aliacha kucheka.

Efrazia alimwita fundi Tobia, akapiga magoti kwenye bomba tena, akawasha tochi. Safari hii aliingiza kidole. Kiligusa kijiti kilicholazwa ndani kidogo, na kwenye kijiti palikuwa na kamba. Alivuta. Kamba ilikuja, ikakaza.

"Ulivutaje waya humu?"

"Kwa kamba, afande. Unaitanguliza kamba, unaifunga kwenye waya, unavuta upande wa pili."

"Kamba yako ni ipi?"

"Ya nailoni. Ya bluu." Aliitazama ile iliyokuwa mkononi mwa Efrazia, imesokotwa kwa maganda makavu ya mgomba, kama wanavyosokota wanawake kwa ajili ya mizigo ya kuni. "Hiyo si yangu."

"Imefika upande wa pili?"

Tobia alikwenda kwenye meinswichi, akarudi. Imefika. Nako imefungwa kijiti.

Efrazia alitulia kwa mara ya kwanza siku ile. Mwizi wa shaba hukata, huchoma mpira, huuza. Huyu alipouvuta waya aliufunga kamba mkiani, ili kamba ibaki ndani. Alitaka siku moja waya ule uweze kurudi.

"Ulipokuwa ukifanya kazi, nani alikuwa karibu?"

"Sharifu. Na mama yake, alikaa hapo akichambua maharage. Aliniuliza kamba ni ya nini. Nikamwambia, mama, ukitoa waya bila kuacha kamba, umejifungia mlango mwenyewe."

Walikwenda nyuma wote.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Poleni na baridi."

"Baridi imetushinda. Naomba utukaribishe jikoni tuote moto."

Mwiko ulisimama ndani ya sufuria. "Jikoni kunavuja."

"Na huku nje?"

Efrazia alisukuma mlango. Majivu yalikuwa baridi. Juu ya mafiga, darini, mahindi yalikuwa yamepangwa kwa magunzi yake. Silvano alipanda, akasogeza mahindi, akateremsha khanga kuukuu yenye kitu kizito. Kebo nyeusi, imekunjwa vizuri, haikukatwa popote.

"Mama," Sharifu alisema.

"Moto ungeyeyusha mpira," Efrazia alisema. "Ulikuwa unautunza. Uliutoa lini?"

"Ijumaa. Huyu amekwenda msikitini, Hassani amelala baada ya lindo."

"Ulitaka kuuza?"

"Niuze kwa nani?"

"Kwa nini basi?"

Bibi alianza kwa Kishambaa, akimtazama mwanawe, kisha akahamia Kiswahili, kama anayetaka serikali nayo isikie. Alisema juu ya Bakari, kifungua mimba wake, aliyekuwa kibarua katika kiwanda kimoja cha katani huko bondeni. Alikuwa akiosha sakafu, waya ukiwa wazi.

"Waliniletea ndani ya blanketi. Nikauliza umeme ulimpataje. Wakasema alisimama kwenye maji. Sasa huyu niliyebakiwa naye anataka alale kabisa ndani ya maji, na waya mnene kuliko kidole changu uende humo humo. Nilimkataza, akacheka. Akasema, mama, wazungu wanaoga humo kila siku. Wazungu sikuwazaa mimi."

"Na kamba?"

"Nikifa aurudishe. Akitaka kuoga umeme, aoge nimeshazikwa."

Hakuna aliyecheka.

"Na Hassani, mama?"

Hapo ndipo uso wake uliposawijika. "Nilidhani wasipouona waya watamwachia. Kila asubuhi nilikuja na uji ili niseme. Nikifika kaunta ulimi unakuwa mzito. Nimemfunga mtoto wa mwenzangu ili nisimzike wa kwangu."

Barabarani honi ililia. Lori kutoka Mombo lilikuwa limefika, na dereva alikuwa akiuliza beseni lishushwe wapi. Sharifu alitazama kule, akatazama kebo iliyokuwa miguuni mwa mama yake.

"Lisubiri," alisema. "Kwanza nikafute maneno yangu."

Kituoni, Hassani alitolewa akiwa ameshika bakuli. Alimwona Bi Mwanamisi, na Efrazia alikuwa amekwisha mweleza yote.

"Shikamoo, mama."

Bibi alifumbua mdomo. Neno halikutoka.

Hassani alingoja. Kisha akarudia, polepole, kama anayemshika mtu mkono avuke maji. "Shikamoo."

"Marahaba," alisema Bi Mwanamisi, kwa sauti ndogo mno hata Silvano akainua kichwa kutoka kwenye jalada.

Hassani alimrudishia bakuli kwa mikono miwili, akampita Sharifu bila kumtazama, akaingia katika ukungu kuelekea kwake.