Tivii ya Chumbani kwa Mama

Jumamosi ile duka la vyombo vya umeme lilijaa watu hadi mlango ukakataa kufungika. Ukutani televisheni arobaini zilikuwa zimewashwa kwa pamoja, zote zikionyesha mpira uleule, na waliokuja kununua pasi na feni walijisahau wakaanza kushangilia. Katikati ya kelele hizo alisimama msichana mrefu, gauni la kitani la kijani limemkaa utadhani alizaliwa nalo, nywele kazisuka kurudi nyuma na kuuacha uso wote wazi. Mpira hakuutazama. Alikuwa akienda kutoka tivii moja hadi nyingine, akiinama na kuchungulia chini, upande wa kulia.

Fundi wa duka, akiwa juu ya ngazi, alimwona. Alikuwa kijana mwenye ovaroli ya buluu na kalamu sikioni, na masikio yenyewe yalikuwa makubwa kiasi cha kubeba kalamu tatu. Akashuka.

"Dada, umeangusha kitu?"

"Hapana. Nachagua tivii."

"Ziko huku juu. Huko chini ni meza."

"Natazama pembe ya picha. Hii inakata. Ile rangi zake zinafifia pembeni. Na hii, ukikaa upande kidogo, giza tupu."

Fundi akaduwaa. Kwa miaka saba aliyofanya kazi pale aliulizwa ukubwa, aliulizwa bei, aliulizwa kama ikianguka itapona. Habari za pembe hakuna aliyewahi kumuuliza.

"Ulimwengu mzima unatazama katikati," alisema. "Wewe kuna nani aliyekukosea huko katikati?"

Msichana akacheka, na fundi akajua kwamba siku hiyo hatafanya kazi nyingine yoyote ya maana.

"Ni ya chumbani kwa mama," alieleza. "Aliyonayo ni ya kichogo, ya sanduku la mbao. Picha imesinyaa, na pembe ya chini kulia imeingia doa la kijani. Kila kitu kinachokaa hapo kinamezwa."

"Basi leo tutakomboa pembe."

Wakazunguka duka zima. Mwisho msichana akasimama mbele ya tivii moja nene kidogo, yenye spika mbili kubwa chini. Akaomba iongezwe sauti, akaweka kiganja nyuma yake, akafumba macho.

"Hiyo haipati moto," fundi alimtuliza.

"Najua ninachopima. Nitachukua hii."

Iliyokuwa dukani ilikuwa ya maonyesho tu. Mpya ingetoka ghalani Alhamisi, na fundi mwenyewe angeipeleka na kuifunga ukutani. Akaomba namba ya simu.

"Ni kwa ajili ya kazi," alisema.

"Sijauliza ni ya nini," msichana akajibu, akamwandikia.

Jioni ileile simu ikalia.

"Habari yako, Dada Pembe. Napiga kuhusu tivii."

"Imefanya nini?"

"Haijafanya kitu. Imelala ghalani, ina afya njema. Nimeona nikuarifu usije ukakonda kwa wasiwasi."

"Na kesho utapiga kunijulisha imeamkaje?"

"Ukiniruhusu."

Akapiga kesho, na keshokutwa. Walichekeshana hadi chai ya msichana ikapoa mezani. Fundi alitaka kujua kazi yake.

"Ni kazi ya mikono."

"Msusi!"

"Sisuki."

"Unakanda mikate."

"Siku moja utaona mwenyewe. Wewe shughulika na tivii ya mama. Anastarehe nayo mwenyewe chumbani jioni, miguu ikiwa imechoka na cherehani. Mama yangu ni kiziwi, toka utotoni."



"Mbona umenyamaza?" msichana akauliza. "Kiziwi ni yeye, si wewe."

Fundi akacheka, lakini alilala akiwaza.

Msichana huyo alikuwa mkalimani wa lugha ya alama. Mikono yake ilijifunza kusema kabla ya kinywa chake. Alipokuwa na miaka mitano alikuwa akimtafsiria mama kwa daktari na kwa mwenye nyumba. Sasa alikuwa amefaulu mtihani mgumu kuliko yote, na Ijumaa ya wiki hiyo angesimama kwa mara ya kwanza katika taarifa ya habari ya jioni, kwenye kidirisha kidogo chini kulia, akiwatafsiria viziwi wa nchi nzima. Mama yake, mshonaji wa sare za shule, alishamwandikia habari hiyo kila mteja aliyekuja kupima suruali. Kilichobaki ni kumwona. Na tivii ya kichogo ingemmeza binti yake ndani ya doa la kijani.

Alhamisi msichana alikuwa kazini kwa mazoezi ya mwisho. Aliporudi alimkuta mama chumbani, amesimama mbele ya tivii mpya, pana, nyembamba, inayong'aa. Kiganja chake kilikuwa juu ya ukingo wake. Alikibandua, akakiweka tena, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa.

Haikuwa ile waliyochagua. Msichana akachukua simu.

"Fundi, umeleta nini hiki?"

"Umeiona!" Fundi alifurahi kama mtoto. "Bei ni ileile, lakini picha yake haina mfano. Hata ukikaa mlangoni pembe unaiona. Ile ya kwanza pesa nyingi zilikwenda kwenye spika, nikawaza, mama mwenyewe hasikii, spika za nini? Nikakubadilishia."

"Ukawaza."

"Nilitaka mpate kilicho bora."

"Mama yangu huweka kiganja kwenye tivii yake kila jioni toka sijazaliwa. Ngoma inayofungua taarifa ya habari anaijua kwa mkono. Uwanja ukilipuka kwa goli, anajua kwa mkono. Leo kaweka kiganja kwenye hii yako, imekaa kama sahani. Nani alikwambia mama yangu hana haja na sauti?"

Fundi alianza kuomba radhi, lakini msichana hakumpa nafasi.

"Maisha yangu yote watu wanaingia nyumbani kwetu wakijua mama anahitaji nini bila kumuuliza," msichana alisema. "Usimfikirie mama yangu nusu. Kwaheri."

Fundi alipiga tena na tena. Simu iliita mpaka ikachoka.

Ijumaa saa kumi na mbili jioni, fundi alikuwa dukani akimwonyesha mama mmoja jiko la umeme. Ngoma ya taarifa ya habari ikapigwa, na kwenye televisheni arobaini, chini kulia, akatokea msichana mmoja. Alivaa shati jeusi lililobana viwiko ili mikono ionekane, na uso wake ulikuwa umetulia kama maji ya mtungini. Akaanza. Vidole vilipanda, vikashuka, vikafunga, vikafunguka. Waziri alipozungumza, nyusi zake zilikunjana kwa ukali wa waziri. Mwanariadha aliposhinda, mabega yake yalishinda pamoja naye. Ukuta mzima ulijaa mikono ile.

"Baba, nimekuuliza kama sahani yake inatolewa," yule mama wa jiko alisema.

"Samahani, mama. Nipe dakika."

"Unamjua huyo?"

"Nilidhani namjua," fundi akasema.

Na nyumbani, mama mshonaji aliketi kitandani, futi ya kupimia bado ikiwa shingoni. Majirani wawili walimkalia huku na huku. Aliuona kila ukucha wa binti yake. Taarifa ilipokwisha hakusogea, akatazama matangazo ya sabuni hadi mwisho. Binti alipoingia mbio, mama alimwambia kwa mikono, "Kwenye habari ya mafuriko ulikwenda haraka. Wazee watakuwa wamekukosa." Kisha akamshika mikono yote miwili, akaigeuza, akaitazama kama kitambaa cha bei ambacho hajawahi kupewa akikate, akaibusu upande wa viganja.

Asubuhi yake, binti akiwa kazini, taa ndogo ya mlangoni iliwaka kumjulisha mama kuna mgeni. Alikuwa fundi, ovaroli imepigwa pasi, daftari mkononi. Mama akampokonya daftari kabla hajaandika.

*Wewe ndiye uliyeninyang'anya sauti?*

*Ndiyo mama,* fundi akaandika. *Nimekosa.*

*Umekosa kweli. Lakini picha ni safi, sikupi tivii yako. Sasa utafanya nini?*

Fundi akaitazama tivii ya kichogo iliyowekwa chini kwa aibu, akagonga sanduku lake la mbao. Likavuma. Akaandika polepole: *Naomba kuuliza kwanza. Mama hupenda kuisikia vipi? Mkononi tu?*

Mama aliisoma sentensi hiyo mara mbili. Akamtazama yule kijana kutoka kalamu hadi viatu. Kisha akavuta kiti, akaandika ukurasa mzima.

Jumapili alasiri binti alirudi kutoka sokoni, akakuta miguu ya mwanamume imechomoza chini ya kitanda cha mama.

"Mama, huyu anafanya nini humu?" aliuliza kwa mikono.

"Mwache. Hajamaliza."

"Tangu lini?"

"Tangu jana, ulipokuwa kazini. Nimempa chai. Anakula vizuri."

"Wewe chini ya kitanda," msichana akasema kwa kinywa, "toka."

Fundi alitoka na vumbi la mbao hadi kwenye kope. Alijaribu kusimama kwa heshima, akajigonga kichwa.

"Dada Pembe..."

"Nani kakuruhusu?"

"Mwenye chumba. Nilimuuliza." Akamwonyesha daftari, kurasa kumi na mbili za mwandiko wa mama. "Mwanzo nilifanya bila kuuliza. Sasa naomba nimalizie, halafu unifukuze."

Alikaza skrubu mbili, akawasha tivii, akampungia mama. Mama akapanda kitandani, akaegemea ubao wa kichwani. Ndani ya ubao huo fundi alikuwa ameingiza spika za tivii ya kichogo na nyingine kubwa zaidi, akazungushia mbao za sanduku lilelile ili mvumo usipotee.

Mpira ulikuwa umeanza. Uwanja ukalipuka. Mama akashtuka, akageuka kutazama nyuma kana kwamba watu elfu moja wameingia chumbani. Akaegemea tena, taratibu, mgongo wote, kisogo, mabega. Macho yakamjaa. Mikono yake ikaanza kusema, haraka.

"Anasemaje?" fundi akauliza.

Msichana akamtafsiria. "Anasema miaka yote ilikuwa ikimfikia kiganjani. Leo imemkumbatia."

Mama akaongeza kitu, akikiangalia kichwa cha fundi.

"Na hilo?"

"Anasema masikio makubwa hivyo, kumbe unasikia kwa mikono kama sisi."

Walicheka wote watatu, na kicheko kilipokwisha fundi alijipangusa uso, akabaki na mstari mweupe wa vumbi puani.

"Nilikuona Ijumaa," alisema. "Wewe arobaini, ukuta mzima. Nilijivunia kama vile nina haki."

"Nilikukatia simu badala ya kukueleza taratibu," msichana alisema. "Nimezoea kupigana kabla ya kuzungumza. Pole."

"Nipigie basi, unieleze."

"Upo mbele yangu, nikupigie ya nini?"

"Nimezoea sauti yako ya simuni. Hii ya ana kwa ana inanipotezea maneno."

Tangu hapo kila Jumapili fundi alikuja. Mama alimfundisha alama huku akikata vitambaa, na alikuwa mwalimu asiyependa mchezo. Fundi akikosea, alipigwa futi ya mkononi. Siku moja alitaka kusema chakula ni kitamu, akasema chakula kinalia. Hakukata tamaa. Miezi minane ikapita hivyo.

Adhuhuri moja msichana alipita mbele ya duka, ametoka kazini, skafu ya rangi ya dhahabu shingoni. Barabara ilikuwa vurugu tupu, jenereta inanguruma, honi juu ya honi. Fundi alikuwa ndani ya dirisha la maonyesho akitundika tivii. Alimwona, akamwita, sauti ikafia kwenye kioo. Akaweka bisibisi chini. Akafuta viganja kwenye ovaroli. Akainua mikono.

*Mimi. Wewe. Tuoane. Unataka?*

Msichana akakunja uso. *Rudia.*

Akarudia. Wapita njia wawili wakasimama, watatu, wanne.

*Rudia.*

Jasho lilimtoka. Akarudia mara ya tatu, kila kidole mahali pake, kama alivyofundishwa.

Alikuwa amemwelewa tangu mara ya kwanza. Lakini mikono yake ilikuwa imebeba maneno ya watu maisha yote, ya madaktari, ya mawaziri, ya mahakimu, na hakuna mwanamume aliyewahi kujifunza lugha hiyo ili amwambie yeye neno lake mwenyewe. Alitaka kulitazama lote.

*Nataka,* akajibu. *Mama utamuuliza wewe, kwa mikono hiyohiyo.*

Bosi wa duka alikuja mbio, amekereka. "Fundi! Unagombana na nani hapo dirishani mbele ya wateja?"

"Sigombani, bosi," fundi akasema, bila kuondoa macho kwenye kioo. "Nimekubaliwa."

Nje, msichana aliinua kichwa, akapenya katikati ya watu waliokuwa wakiulizana kumetokea nini, akausukuma mlango wa duka kwa mikono yote miwili.