Isale la Mpiga Kinanda

Kata ilimponyoka Primus, pombe yote ya mbege ikaishia kwenye koti la baba mkwe mtarajiwa.

Ua mzima wa Mzee Filbert, pale Kibosho, ukanyamaza. Hata mbuzi wa posa aliacha kulia.

"Huyu kijana amelewa!" Mzee Filbert alifoka, akijipangusa machicha ya ulezi kwenye ndevu.

"Baba, hajalewa," Pamela akadakia. "Tangu asubuhi niko naye, kanywa soda tu."

"Soda gani inamchezesha mtu mabega bila ngoma?"

Fredy, kaka yake Pamela, asingeweza kuiacha hiyo ipite. "Shemeji, kama soda hiyo ipo, niagizie kreti."

Watu wakaangua kicheko. Pamela hakucheka, ingawa yeye ndiye aliyempachika Primus jina la Mpiga Kinanda, kwa jinsi vidole vyake vilivyokuwa vikibofyabofya hewa. Alikuwa anamsubiri mwanaume wake ajitetee.

Primus akainamisha kichwa. "Nisamehe, baba. Ni kweli. Nilipitia kilabuni."

Pamela akamgeukia kwa mshangao.

"Mnaona?" Mzee Filbert akawauliza wageni. "Baba yake pombe ilimuua, kwao Rombo nzima inajua. Sina binti wa kumpa mlevi. Chukueni mbuzi wenu!"

Jioni Pamela akamtumia meseji: "Kilabu gani hicho, na mimi nilikuwa ubavuni kwako?"

Jibu likaja: "Jumapili nakuja na isale. Mzee hawezi kulikataa."

Kweli. Uchagani, mtu akikuletea jani la isale lililofungwa fundo, hasira zako unazimeza hata kama zina miiba. Jumapili ile Mzee Filbert alilipokea, akalizungushazungusha mkononi, akaguna.

"Umesamehewa. Yule mbuzi mlete tena."

Vigelegele! Pamela akamshika Primus mkono, akamvuta mgombani, mpaka kwenye ua wa masale ya mpakani.

"Umesamehewa kosa ambalo hukulifanya," alisema. "Sasa niambie ulilolifanya."

"Pamela, tuache. Si yameisha?"

Simu ya Primus ikaita. Mama Mektrida, mama yake. Primus akataka kuikata, kidole kikaruka, sauti ikatoka kwenye spika.

"Primus, wamelipokea isale nililokufungia?"

"Mama, nitaku..."

"Mungu ni mwema! Ulevi unasameheka, mwanangu. Ule ugonjwa usimtajie mpaka mtoke kanisani. Mimi baba yako aliniambia? Si nilizoea?"

Primus alibonyeza na kubonyeza mpaka simu ikaanguka kwenye majani makavu. Hakuna aliyeiokota.

"Ugonjwa gani?"

Primus akageuka kuyatazama masale.

"Primus, ugonjwa gani?"

"Baba hakuwahi kuonja hata mbege," alisema mwishowe. "Alianza kuyumba, wakasema pombe. Akaanza kusahau na kufoka, wakasema pombe. Mama akaona afadhali hivyo, kuliko waseme ukoo una laana."

"Sijauliza ya baba yako."

"Unaitwa Huntington. Seli za ubongo zinakufa polepole. Mwili unacheza wenyewe, halafu akili inaondoka. Wanatuliza dalili tu, dawa ya kuuponya haipo. Unadhani kwa nini nilifunga kibanda changu cha kutengeneza simu? Skrubu zilikuwa hazishikiki."

"Ulijua lini?"

"Kabla ya kukuvisha pete."

"Na unarithiwa?"

"Kila mtoto ni nusu kwa nusu. Daktari alisema ni kama kurusha shilingi."

Pamela akacheka, kicheko kikavu cha kukwaruza koo. "Na majina ya watoto tuliyokuwa tunachagua? Ulikuwa unanichora, sio?"

"Ningekuambia, ungeniacha."

"Ungeniachia mimi niamue! Ningekulisha kwa kijiko, Primus. Ningekuogesha. Ningegombana na kila anayekuita mlevi, kuanzia baba yangu. Lakini ungeniuliza kwanza!" Akashika tumbo lake. "Shilingi umeshairusha. Nilitaka nikuambie siku ya posa."

Primus akapiga magoti. Akachuma jani la isale pale pale mpakani, akaanza kulifunga fundo. Jani likateleza. Akajaribu tena, vidole vikaenda kila kimoja na njia yake. Mikono ile ile iliyowahi kuunganisha nyaya nyembamba kama unywele!

"Pamela... subiri... nalifunga..."

Pamela alitazama mpaka akashindwa kuvumilia. Akamnyang'anya jani, akalifunga fundo mwenyewe, akalishika kifuani.

"Nimelipokea. Halikataliwi, si ndiyo? Msamaha umeupata. Mtoto atakujua, sitamwambia uongo kama ulionilisha mimi. Ila mke huna."

"Mpenzi..."

"Okota simu yako. Mwambie mama yako wamelipokea."

Akarudi uani peke yake, jani mkononi. Fredy alikuwa ameshajaza kata nyingine.

"Dada, yuko wapi mlevi wetu? Tumtafutie glasi yenye mfuniko!"

"Hajawahi kulewa," Pamela akasema. "Hata siku moja. Atakayemwita mlevi tena, mimi na yeye."

Akamgeukia baba yake, machozi yakimtoka.

"Na mbuzi, baba, msimpokee."