Mdomo wa Mwigizaji

Haya yalimkuta rafiki yangu, fundi wa fremu, mtu asiyependa porojo. Siku hizi hapokei tena picha za watu, na kila akinisimulia kisa hiki mimi hushindwa kula.

Dada mmoja alimletea picha iliyochorwa kwenye karatasi ya marehemu kaka yake, mwigizaji wa jukwaani, abadilishiwe kioo kilichopasuka. Mchoraji hakuifuata sura ilivyo: shingo ameirefusha kama ya korongo, macho ameyafanya vistari viwili tu, na mdomo mwekundu umekula nusu ya uso.

"Wewe unaona anafanya nini hapo?" yule dada akauliza. "Nyumbani wanasema anacheka."

Fundi akaitazama sana. "Mimi naona kama anameza kitu, dada yangu."

Yule dada akatoka kusubiri barazani.

Fundi akaingia na picha chumba cha nyuma, kisicho na dirisha. Alipomaliza kung'oa misumari, umeme ukakatika. Akainua kioo kwa kupapasa, na harufu ya kinywa kilichofungwa siku nyingi ikampiga usoni. Kisha akasikia mtu anameza karibu yake, taratibu, kwa shida.

"Dada, ni wewe?"

"Niko huku nje," sauti ikajibu kwa mbali.

Umeme uliporudi, bado alikuwa amekishika kioo. Uzi mzito wa mate ulining'inia kutoka kwenye ile midomo ya karatasi hadi kwenye kidole gumba chake, na ulikuwa na joto.