Mkasi Uliolazwa Juu ya Fremu

Haya ni ya kweli tupu. Likipatikana humu neno moja la kubuni, nitaivua fulana hii niliyovaa, hapa hapa mbele yenu, nimkabidhi atakayenikamata. Nimeapa. Kaeni vizuri basi, na wewe mwenye kikombe usije ukanimwagia chai pale pa kutisha.

Maiti ilikuwa imelala chali juu ya meza ya kuchapia fulana.

Inspekta alisimama mlangoni, akavuta harufu ya wino na mafuta ya taa. Kazini walimwita Chumvi, maana hakuna chungu ambacho hakuingia. Alikuwa mama mfupi wa makamo mwenye sauti ya chini sana. Watu walilazimika kumwinamia ili wamsikie, na wakishainama, wamekwisha.

Marehemu alikuwa mwenye karakana. Mtaa mzima ulimwita Bwana Wino. Alikuwa amepondwa kisogo, na kopo zito la wino mweusi lilikuwa sakafuni, limefutwa likang'aa. Lakini macho ya Inspekta yaliganda kifuani. Juu ya fulana nyeupe ya marehemu palikuwa pamechapwa uso wa msichana kwa rangi nne, na chini yake neno moja: MWIZI.

Wino ulikuwa bado mbichi. Na uso ulikuwa umevurugika: macho yamepanda kwenye paji, midomo imehamia shavuni.

"Ilikuwa saa ya chakula cha mchana, Afande," koplo alisema. "Wote walitoka. Waliporudi, wakamkuta hivi."

"Wote akina nani?"

"Watatu tu. Fundi mchapaji, shemeji yake marehemu anayetunza stoo, na mama mshonaji wa chumba cha pili."

"Alama za vidole?"

"Hakuna hata moja. Muuaji ni msafi kuliko mke wangu."

"Nitamwambia. Niletee fundi."

Fundi aliletwa na hofu usoni, mikono yake ina rangi zote isipokuwa yake mwenyewe.

"Huyu msichana ni nani?"

"Alikuwa akitukatia nyuzi hapa, Afande. Alitoka mbali, hakuwa na ndugu mjini. Ndoo ya wino ikapotea, mzee akasema kaiba yeye. Akachapa fulana zenye sura yake, akatuvalisha sote. Tukazunguka nazo mtaani."

"Na wewe ulivaa?"

"Nilivaa."

"Halafu?"

"Binti akajitupa kisimani." Fundi alitazama viatu vyake. "Ndoo ikaja kuonekana kwa shemeji. Aliichukua apake mlango wake, akasahau kusema."

"Fremu zilizochapa picha hii zilikuwa wapi?" Inspekta aliuliza.

"Chumba cha giza, rafu ya juu kabisa. Mzee alitukataza tusizioshe. Alisema ni za kuwatia adabu wengine."

"Basi aliyezishusha alitaka kulipiza. Na anayejua kuzitumia ni wewe."

"Mimi?" Fundi alisahau kuogopa. "Afande, hebu itazame kazi yenyewe! Kila rangi ina fremu yake. Kila fremu ina kialama cha msalaba pembeni. Unaweka msalaba juu ya msalaba, ndipo uso unakuwa uso. Huyu alibandika tu na kusukuma wino. Mimi siwezi kupishanisha rangi hivyo hata kama naua!"

Koplo alicheka. Inspekta hakucheka, lakini alimweka fundi pembeni ya washukiwa.

Shemeji mtu naye alikuja na kichwa kilichonyolewa upande mmoja. Nyuma yake alikuja kinyozi, wembe mkononi, akiapa kwamba mteja wake hakuinuka kitini mpaka zilipoanza kelele.

"Na hiyo nusu nyingine?" Inspekta aliuliza.

"Akimalizana na nyie, Mama."

Mama mshonaji aliingia wa mwisho. Alikuwa mwembamba, mpole, na futi ya kupimia shingoni.

"Ulikuwa wapi, dada?"

"Nilikwenda kula."

"Ulimjua msichana wa kisimani?"

"Nilianza kazi baada yake. Nilisikia tu."

Hakupepesa macho. Inspekta alimruhusu, lakini alimsindikiza kwa macho mpaka cherehani ilipoanza kulia tena.

Ndipo fundi alipopiga kelele chumba cha giza. "Nani aliwasha taa kubwa humu akaizima? Fremu yangu imeungua!"

Inspekta alimfikia kabla koplo hajageuka. Fundi alikuwa ameshika fremu iliyowambwa kitambaa chembamba cha wavu, imepakwa dawa.

"Niliilaza mezani ikauke," alilalamika. "Dawa hii haitaki mwanga. Ikipigwa na taa inakuwa ngumu, maji hayaiondoi tena. Ya kutupa hii."

"Na palipofunikwa?"

"Palipofunikwa panabaki laini, maji yanaondoa. Ndivyo tunavyopata picha. Lakini hapa hapakuwekwa picha."

"Muuaji alikuwa akitafuta fremu rafu ya juu," Inspekta alisema polepole. "Aliwasha taa aone. Alihitaji mikono yote miwili. Kama alikuwa ameshika kitu, alikiweka wapi?"

Wote watatu waliitazama fremu.

"Ioshe."

Fundi alimimina maji. Mwanzoni hapakutokea kitu. Kisha dawa ikaanza kuachia katikati, taratibu: pete mbili, shingo, makali mawili. Mkasi mdogo. Na upande mmoja wa makali haukuwa na ncha.

"Nichapie kwenye fulana," Inspekta alisema.

Aliingia chumba cha mshonaji akiwa ameivaa juu ya sare, wino umekaushwa kwa pasi na bado una joto. Mama mshonaji aliinua kichwa. Cherehani ikanyamaza.

"Unautambua?"

"Mikasi iko mingi, Afande."

"Niazime wako."

Mshonaji aliutoa mfukoni. Hakuwa na pa kukimbilia, na wala hakutaka. Inspekta aliivua fulana, akaitandaza mezani, akaulaza mkasi juu ya picha. Pete juu ya pete. Makali juu ya makali. Hata pengo la ncha likakaa mahali pake.

"Kwa nini hukuutupa?"

"Nitupe mkasi wa mwanangu?" Sauti yake ilikuwa tulivu kabisa. "Ndio aliokatia nyuzi hapa. Walinirudishia huo na gauni lake lililolowa. Sikujua ile dawa ina macho."

"Tuambie yote."

"Nilikuja kuomba kazi kwake makusudi. Nilimshonea. Nilimchekea. Nilikuwa nasubiri siku moja aseme amemkosea mwanangu, hata kwa kugusia tu. Leo kaniambia zile fremu nizipe nafasi nzuri rafuni, yuko mwingine anataka kumtia adabu kwa mfano wa mwanangu. Alikuwa ameinamia meza. Kopo lilikuwa karibu."

"Na picha?"

"Aliwavalisha wengine, hakuwahi kuivaa yeye. Nikamgeuza, nikamvalisha."

"Unajuta?"

Mama alifikiri kweli kweli, kama mtu anayepima kitambaa.

"Najuta zile rangi kupishana. Nilitaka uso wa mwanangu ukae sawa. Hata hilo nikalikosa."

Inspekta alimfunga pingu mwenyewe, kwa mbele, akamtandikia shuka mikononi mtaa usizione.

Na kama mna shaka, kielelezo ndicho hiki hapa kifuani pangu! Mahakama yenyewe ilinipa nikitunze. Tazameni mkasi. Tazameni ncha iliyokatika.

"Mahakama gani?"

Hiyo ni sauti ya mke wangu, dirishani. Sikujua kama yupo.

"Fulana hiyo nimeichapa mimi, nikijaribu fremu yangu ya kwanza, baba. Na mkasi ni wangu. Ule uliofungulia kopo la rangi ukaukata ncha, ukaurudisha kabatini, ukanyamaza kimya!"

Mlicheka nyie. Mimi nilivua. Akaipokea, akaivaa juu ya gauni lake, akapita nayo mbele ya majirani wote, mmoja mmoja, akiwaonyesha pengo kwa kidole.

Mkasi mpya nimeshamnunulia. Ameukagua ncha zote mbili, kwenye mwanga.